Soma Mwenyewe

Sola, Maswa
Jumapili, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Milembe,

Mwangaluka mayu. Hapa nyumbani hatujambo. Mgongo wa wifi yako Felisita umetulia tangu aache kubeba ndoo mbili kwa mpigo. Mtama umekauka vizuri. Yule ng'ombe mwekundu uliyesema hatazaa tena amezaa dume tarehe 29 Aprili, saa mbili asubuhi. Nimeandika kwenye shajara ili usije ukabisha.

Makubaliano yetu tangu tumzike baba ni barua kila mwezi na simu kwa msiba tu, kwa hiyo nakuandikia. Jambo lenyewe ni afya yako. Binti yetu Winnie wa Bariadi alipita hapa wakati wa Pasaka akaniambia umeacha vidonge vya presha tangu Januari kwa sababu "unajisikia vizuri". Milembe, mimi si daktari, ni karani wa kupima pamba. Lakini miaka kumi na tisa ya kupima imenifundisha kwamba mtu akikadiria mzigo kwa macho tu, anakosea.

Nimekupangia utaratibu. Kadi yako ya bima ya jamii imeisha muda, nenda ofisi ya kijiji uihuishe kabla hujaugua, maana mgonjwa hana nguvu ya kupanga foleni. Kisha nenda kituo cha afya upimwe. Chumvi punguza. Najua unauza samaki wa chumvi, lakini kuuza si kuonja kila kipande. Jioni tembea nusu saa, na kutembea kwenda kwa jirani yako Asumini kupiga soga hakuhesabiki.

Msimu wa pamba umefunguliwa juzi. Mwaka huu nimeanzisha utaratibu mpya pale ghalani. Mkulima akishaweka kiroba kwenye mzani, namwambia, "Soma mwenyewe." Anasoma kwa sauti, walio nyuma yake wanasikia, mimi naandika. Wamefurahi mno.

Nakutumia michembe ya Felisita, viazi vikavu vya mwaka huu. Kula bila sukari.

Kaka yako,
Sylvester Ngeleja

Samahani kwa hii maka peni ya kuandikia viroba. Kalamu za siku hizi hazina wino.


Lamadi
17 Mei 2025

Kaka Sylvester,

Shikamoo. Wabeja, asante kwa michembe, na mwambie wifi tumeimaliza siku tatu. Hapa tuko salama. Dagaa wamekuwa wengi wiki hii, sangara ndio wanaringa. Vyerehani viwili vya mwanangu Maige vimepata wateja wa sare za shule, siku hizi ananijibu kama mkurugenzi.

Barua yako imenitisha. Kurasa tisa! Nilidhani ni wosia. Kumbe ni barua ya kawaida, ila kila neno lina ukubwa wa bango la mkutano. Asumini aliisoma akiwa dukani kwake anapima bizari, mimi nikiwa nimeishika kwenye benchi langu ng'ambo ya njia. Alifika kwenye samaki wa chumvi kabla yangu, akapiga kelele, "Milembe, umeambiwa usionje!" Wateja wote wakajua.

Barua zako zote ninazo kwenye kopo la biskuti. Nimetoa ya mwaka juzi nikahesabu: mistari ishirini na saba kwa ukurasa. Hii ina tisa, na ya mwisho imepanda mlima. Kaka, kuna nini?

Kuhusu afya yangu, usiwe na wasiwasi. Amekuja bwana mmoja hapa sokoni na kipaza sauti, ana dawa ya chupa. Inatibu presha, sukari, mgongo, macho na kukosa bahati. Nakunywa vifuniko viwili asubuhi. Ni chungu sana, kwa hiyo lazima inafanya kazi.

Wasalimie wote, na huyo ndama pia.

Mdogo wako,
Milembe


Sola
Jumapili, 8 Juni 2025

Mdogo wangu Milembe,

Mwadila. Ndama anakua. Paa la jiko limezibwa tarehe 21 Mei. Mchungaji alihubiri saa moja na dakika arobaini, watu wawili walilala, mmoja wao ni mzee wa kanisa.

Dawa inayotibu presha na kukosa bahati kwa chupa moja ingekuwa inauzwa na serikali, si na mtu mwenye kipaza sauti. Mwulize imepimwa wapi. Tena mwulize mbele za watu. Akikujibu kwa hasira, mwagia hiyo chupa mchicha wako uone. Vidonge vya kituo cha afya ni bei ya soda, na anayekupa unamjua jina, ukizidiwa unajua pa kumpata.

Hujaniambia kama umepimwa. Uliandika mambo ya Maige, ukaandika ya dagaa, hilo ukaliruka.

Umeniuliza kuhusu maandishi. Mvua mwaka huu zilichelewa kukatika.

Pale ghalani mambo yanaenda vizuri kuliko mwaka wowote. Wakulima wanasema hawajawahi kuona karani mwaminifu kama mimi. Wanatoka hadi vijiji vya pili ili tu waambiwe "soma mwenyewe". Mzee Mhoja alisimama juu ya kiroba chake akatangaza kwamba mkutano wa Agosti lazima unichague mwenyekiti wa chama cha ushirika. Nilishukuru kwa unyenyekevu.

Felisita hazungumzi nami vizuri wiki hii kwa sababu ya jambo dogo. Pia tumepungukiwa mbuzi mmoja.

Kaka yako,
Sylvester


Lamadi
22 Juni 2025

Kaka yangu Sylvester,

Shikamoo, na ukae chini kabla hujasoma. Au Felisita akusomee, kama ameanza kuzungumza nawe.

Winnie alikuja jana kutoka Bariadi kununua samaki wa kipaimara. Nikamwuliza, "Kwa baba yako mkubwa kumepungua mbuzi, ameliwa na fisi?" Mtoto wa watu alicheka mpaka akakaa kwenye kreti.

Sasa mimi naandika, wewe ukanushe. Tarehe 30 Mei ulikuwa unatoka lamboni kunywesha ng'ombe. Mbele yako akaja mwanamke amebeba beseni. Kila mwanamume wa Sola akimwona mama mkwe wake njiani huchepuka, huingia hata kwenye miiba, kwa heshima. Wewe hukuchepuka. Ulisimama katikati ya njia, ukatandaza mikono, ukasema, "Nipishe bibi, ama sivyo nakuoa leo leo!"

Ukidhani ni mke wa Mhoja, mtani wako.

Mama mkwe wako, kaka! Mwanamke wa miaka themanini! Winnie anasema alijifunika kanga usoni, akaacha beseni, akakimbia ndani ya pamba kama msichana. Mbuzi ulimtoa kama faini. Na wewe ukaona hilo ni "jambo dogo".

Nimecheka, ndiyo. Halafu Winnie akaondoka, nikatoa tena barua zako kwenye kopo, nikaacha kucheka. Mama mkwe wako ana mwendo wake, anachechemea mguu wa kushoto. Hata mimi nikiwa huku ziwani ningemtambua. Wewe ulikuwa hatua nne.

Kaka, huoni.

Na hiyo "soma mwenyewe" yako ya ghalani nimeielewa pia.

Winnie amesikia kanisani kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 28 Julai mpaka tarehe mosi Agosti kutakuwa na kambi ya macho pale Bariadi. Madaktari wageni, kupima na kupasua mtoto wa jicho bila malipo. Unaanzia zahanati ya kwenu, wanakuandikia barua, unakwenda nayo. Jina lako nimemwambia aliweke.

Usiniambie habari za mvua.

Milembe


Sola
Jumapili, 29 Juni 2025

Mdogo wangu,

Hatujambo. Leo sina habari za ng'ombe.

Ni kweli. Ilianza Oktoba kama moshi wa jiko upande wa kulia. Nilidhani ni vumbi la pamba. Januari ukaja upande wa kushoto pia. Siku hizi, hasa jua likiwa kali, namba za mzani ni taa nyekundu tu, sijui saba wala moja. Ndiyo maana nikasema wasome wenyewe. Sikumdhulumu mtu hata gramu, kila namba imesomwa kwa sauti mbele ya foleni. Lakini sikuwaambia kwa nini. Wao wakaita uaminifu, nami nikanyamaza, na kila wakinisifu nazidi kunyamaza.

Ujue ninachoogopa. Kisu cha daktari sikiogopi sana. Lakini nikienda Bariadi nikarudi na bandeji, Sola nzima itajua kwamba karani alikuwa haoni msimu mzima. Nani ataamini viroba vyake vilipimwa sawa? Miaka kumi na tisa jina langu halijawahi kutajwa na neno wizi. Uenyekiti wakampe hata Mhoja. Jina ndilo sitaki lipotee.

Tafadhali mwambie Winnie aondoe jina langu. Nitakwenda baada ya msimu. Au mwakani.

Nawe usidhani nimesahau. Kurasa zote hizo za mama mkwe wangu, na bado hukuandika kama umepimwa.

Sylvester


Sola
Jumapili, 13 Julai 2025

Milembe,

Wiki mbili zimepita bila jibu. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

S.


Lamadi
16 Julai 2025

Kwa kaka Sylvester,

Assalaam aleikum. Mimi ni Asumini, jirani wa Milembe, muuza viungo. Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana vizuri, ingawa barua zako nazifahamu zote.

Milembe alianguka tarehe 5 pale kwenye vichanja vya dagaa. Alikuwa anamsimulia mteja habari za mbuzi wako, katikati ya kicheko akasema kichwa kinagonga, akaenda chini. Tulimkimbiza kituo cha afya kwa bajaji. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Nesi alimwuliza vidonge viko wapi, akajibu anatumia vifuniko viwili asubuhi. Nesi alitazama dari kwa muda mrefu.

Alilazwa siku tatu. Kadi ya bima ilikuwa bado haijahuishwa, tulichangishana sokoni. Nilitaka kukupigia simu, akanikataza. Alisema, "Simu ni ya msiba, na mimi sijafa." Kuandika pia alinikataza, lakini leo amelala mchana na mimi nina kalamu.

Sasa anaendelea vizuri, anasumbua. Mwenye kipaza sauti tulimwuliza dawa imepimwa wapi, mbele za watu, kama ulivyoshauri. Amehamia soko jingine.

Ni mimi Asumini


Sola
Jumapili, 20 Julai 2025

Mdogo wangu Milembe,

Barua ya Asumini aliisoma Felisita kwa sauti, maana herufi za jirani yako ni ndogo kama bizari yake. Alipofika "akaenda chini" aliacha kusoma, na mimi nikamwambia aendelee. Ilibidi nimwambie mara mbili.

Mpe Asumini shukrani zangu. Mwambie nimeshamfahamu vizuri.

Milembe, tumehubiriana sana. Mimi nakupangia chumvi yako huku napapasa mlango wangu. Wewe unanipeleka kwa daktari huku unakunywa maji ya mizizi. Kama baba angekuwa hai angetuita sote wawili na kutukalisha kwenye kigoda kimoja.

Basi tupatane kama watu wanaouziana ng'ombe. Wewe vidonge kila siku, saa moja asubuhi, na kadi ihuishwe. Kila Jumatano upimwe, namba uiandike kwenye daftari lako mwenyewe, si kichwani. Mimi tarehe 28 Julai nitakuwa Bariadi. Siku utakayoruka kidonge, mimi naruka daktari.

Felisita ameshazungumza nami. Amesema, "Nenda ukaone, ili ujue mke wako ni yupi na mama yake ni yupi."

Sylvester


Lamadi
24 Julai 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimekubali. Kadi nimehuisha leo, mimi na Maige na wanawe. Vidonge nakunywa nikisikia redio ya Asumini inaanza taarifa ya habari. Kupima nimepima jana, namba sikuambii, si nzuri, lakini imeandikwa kwenye daftari.

Kuhusu jina lako. Waambie mwenyewe kabla hawajaambiwa. Watu wanaoweza kusoma mzani wanaweza pia kusikia ukweli.

Jumatatu nitakuwa stendi ya Bariadi saa tatu. Nitavaa gauni la njano. Usije ukamwambia mtu mwingine mwenye njano kwamba utamwoa.

Milembe


Sola
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mdogo wangu Milembe,

Mwangaluka mayu. Angalia barua hii. Kalamu ya kawaida, mistari thelathini kwa ukurasa, na nimeiandika bila Felisita kunishika bega. Jicho la kulia linaona mpaka nywele za mguu wa sisimizi. La kushoto watalipasua wakija tena mwakani.

Asante kwa kunishika mkono zile siku mbili, ingawa hukuacha kuongea hata wakati daktari anaongea. Bandeji ilipotolewa, wa kwanza kumwona ulikuwa wewe, na nilishtuka: umezeeka. Sikusema pale. Nasema sasa ukiwa mbali.

Nimetumia matone ya dawa kama walivyoandika, mara nne kwa siku, kila mara nimeweka alama. Kisha nikafungua shajara yangu ya mwaka huu. Milembe, ni aibu. Tarehe 3 Juni imeandikwa juu ya tarehe 2 Juni. Wiki nzima ya Mei ipo kwenye ukurasa mmoja, kama kiota cha ndege. Mwezi niliosifiwa kuliko yote ndio hausomeki.

Mkutano wa chama ulifanyika Alhamisi, tarehe 14. Waliposema majina ya wagombea, nikasimama kabla hawajafika kwangu. Nikasema, "Ndugu wakulima, msimu huu wote sikuwa naona namba za mzani. Niliwaambia msome wenyewe kwa sababu mimi nilikuwa siwezi. Mkaita uaminifu. Nilipaswa kuwaambia, sikuwaambia."

Nilisikia mbuzi wa mtu akila karatasi.

Mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Kwa hiyo viroba vyangu?" Nikamjibu, "Ulisoma wewe, mama. Ishirini na nane, thelathini na moja, na ishirini na tisa. Wenzako walisikia." Akafikiri. Akasema, "Ni kweli nilisoma mimi."

Ndipo mzee Mhoja akanyanyuka, akiegemea fimbo. Akasema, "Karani, umesema ulikuwa huoni?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa na mimi nilikuwa nasoma nini?"

Watu wakamgeukia. Akasema, "Mimi zile namba sijaziona tangu mwaka jana. Ukiniambia soma, naona haya kukataa mbele ya watu. Nilikuwa nasema uzito niliousikia begani wakati nabeba."

"Na waliokuwa nyuma yako?" nikauliza.

"Mimi nakuja alfajiri, nyuma yangu hakuna mtu."

Milembe, tulikuwa wawili tu pale mbele ya mzani, hakuna anayeona, na kila mmoja anamwamini mwenzake! Mkutano ulivunjika mbavu kwa kicheko, mwenyekiti wa zamani alijipangusa machozi kwa ajenda. Kiroba cha mwisho cha Mhoja kilikuwa bado ghalani na kadi yake. Tukakipima hapohapo, vijana watatu wakasoma. Bega lake lilikosea kilo moja tu, tena alijipunja mwenyewe. Kilo tumemrudishia. Nimempangia utaratibu: zahanati Jumanne, barua ya rufaa, kisha Winnie amwandikishe kwa kambi ijayo. Amesema hana mama mkwe tena, kwa hiyo hana haraka, lakini atakwenda.

Uenyekiti amepewa mtu mwingine. Mimi nimebaki karani, kwa kura ya mikono, na jicho langu moja likazihesabu zote. Wamepitisha jambo moja: utaratibu wa "soma mwenyewe" uendelee hata kama karani anaona.

Jana nilikutana na mama mkwe njia ya lamboni. Nilimwona akiwa mbali kama uwanja wa mpira. Niliingia kwenye miiba mpaka magotini, nikainama. Alipita polepole zaidi kuliko kawaida yake. Nadhani alikuwa anafurahi.

Daftari lako linasemaje?

Kaka yako,
Sylvester


Lamadi
2 Septemba 2025

Kaka Sylvester,

Shikamoo. Sisi tuko salama. Maige amepata tena tenda ya sare, sangara wameacha kuringa, Asumini anakusalimia na kukutumia bizari, anasema herufi zake sasa utaziona.

Sijaruka kidonge tangu tarehe 8 Julai. Dagaa nachemsha kwa nyanya na limau, chumvi nabana kwa vidole viwili. Jioni natembea hadi mwaloni kwenye mitumbwi na kurudi, na Asumini anatembea pembeni yangu, kwa hiyo hapo nimekushinda: ni matembezi na soga pia. Jumatano iliyopita nilipimwa. Leo nakuambia namba bila kuulizwa: 138 kwa 86. Nesi alinionyesha kile kipimo akasema, "Soma mwenyewe, mama." Sikumwambia maneno hayo yametoka wapi.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo. Sikuweza kuisoma. Ilibidi nikisukume kile kipimo mpaka mwisho wa mkono wangu ndipo namba zikakaa vizuri. Nesi alinitazama. Nami nikaikumbuka barua yako, ile ya mistari thelathini, unayojivunia. Kaka, nimeimaliza kwa siku mbili, nikiwa nimeiegemeza kwenye mtungi na mimi nimesimama mlangoni. Sehemu ya Mhoja alinisomea Asumini, na duka lake halijawahi kujaa namna ile.

Sikukuandikia habari za mvua. Nimeenda mwenyewe kupimwa macho, hakuna aliyenisukuma. Nesi amesema ni umri tu, nahitaji miwani ya kusomea, nitaipata wiki ijayo.

Mpaka hapo, tafadhali, irudie ile maka peni ya viroba.

Mdogo wako anayekuona vizuri ukiwa mbali,
Milembe